Sura Zina Wenyewe: Ushuhuda wa Mpiga Picha wa Studio

Mimi ni mpiga picha wa studio. Kazi hii nimeifanya Mombasa tangu nilipokuwa kijana wa kubeba taa na kuosha sinia za dawa, hadi leo ambapo wateja wengi hunijia na picha ya marehemu baba yao iliyoliwa na kuvu, wakitaka uso urudi. Ninaandika kwa sababu picha zilizopigwa katika studio za mitaani kwetu zimeingia sasa katika makumbusho na vitabu vya sanaa, na wengi wa wanaozieleza hawakupata kusimama upande wangu wa kamera. Kwamba ni sanaa, nakubali kwa moyo mkunjufu. Ninachotaka kushuhudia ni namna sanaa hiyo ilivyofanyika, na ni nani hasa walioifanya. Kwa niliyoyaona, kila picha nzuri ya studio ilitungwa na watu wawili: aliyeshika kamera na aliyekaa mbele yake. Huyu wa pili ndiye anayesahauliwa.

Mteja hakuingia studio kwa bahati tu. Alikuwa na sababu: Idi, arusi, mtoto kutimiza mwaka, kijana kuondoka kwenda Ghuba kutafuta maisha, mshahara wa kwanza. Alipofika kwetu alikuwa amekwisha kuifikiria picha yake nyumbani, pengine kwa wiki nzima. Mama alileta leso mbili ili aamue mbele ya kioo chetu ipi ivaliwe. Vijana walikuja na redio ya kaseti ya kuazima, na miwani ya jua iliyopokezanwa na marafiki wote wanne. Studio ilikuwa na koti, tai, saa ya mkono isiyokwenda, simu ya mezani isiyo na waya, na pazia lililochorwa bustani. Mteja alichagua anachotaka, akaacha asichotaka.

Mwalimu wangu wa kazi alianza na swali moja kabla hajagusa taa: picha hii inakwenda wapi? Jibu ndilo lililopanga yote. Picha ya kumfikia mume aliyeko Maskati ilitaka mwanga laini na uso karibu, ili mtu wa mbali aione ngozi na macho. Picha ya kutundikwa sebuleni ilitaka mwili mzima, viatu vionekane, na nafasi ya kutosha juu ya kichwa ili fremu isije ikabana kofia. Picha ya posa ilikuwa na adabu yake: binti hakutazama kamera moja kwa moja, na mama yake, aliyesimama nyuma yangu, ndiye aliyenyanyua kidole kuonyesha kidevu kishuke kidogo au kipande. Mara nyingi mama yule aliona sawasawa kuliko mimi. Alikuwa anamjua binti yake, na alimjua pia mtu atakayeipokea picha.

Wako waliokataa mapendekezo yetu, na kukataa kwao ndiko kulikozaa picha bora. Nakumbuka mzee mmoja, fundi wa majahazi, aliyeombwa atabasamu akasema hataki, kwa kuwa picha hiyo wajukuu wataitazama yeye akiwa hayupo, na anataka wajue kwamba hakuwa mtu wa mchezo. Tukaishusha taa kuu, tukamwacha na mikono yake mikubwa juu ya magoti. Hakuna mpiga picha duniani angeibuni picha ile bila yeye.

Upande wetu nao ulikuwa na elimu yake, na sitaki idharauliwe. Kanzu nyeupe na ngozi nyeusi katika fremu moja ni mtihani wa kweli. Ukipima mwanga kwa kufuata kanzu, uso unazama gizani. Ukifuata uso, kanzu inakuwa karatasi tupu isiyo na mkunjo wala darizi. Tulipima kwa uso, kisha katika chumba cha giza, chini ya mashine ya kukuzia, tukaukinga uso kwa kiganja na kuiongezea kanzu mwanga mpaka nyuzi za shingoni zitokeze. Kiganja kilipaswa kutikisika muda wote, kwani kikitulia kinaacha mpaka unaoonekana. Makunyanzi na chunusi tulivipunguza kwa penseli iliyochongwa kama sindano, juu ya negativi yenyewe, kabla ya kuchapa picha. Tulivipunguza tu. Mwalimu alikataza kuvifuta, akisema mtu lazima ajitambue.

Na joto! Maelekezo ya viwandani yalitaka dawa iwe nyuzi 20. Maji ya bomba ya Mombasa mwezi wa Februari hayafiki huko hata usiku wa manane. Tulinunua barafu sokoni, tukaizungushia sinia ndani ya beseni, na muda wa dawa tukaufupisha, maana utando wa jelatini unaobeba chembe za fedha hulainika kwenye joto na kuchubuka kwa kucha tu. Baada ya dawa ya kugandishia picha, karatasi inatakiwa ioshwe kwa maji mengi yanayopita. Maji yenyewe yalikuwa ya shida. Dawa isipotoka yote, inabaki ndani ya karatasi na kuila fedha polepole, na picha inageuka rangi ya chai. Kwa hiyo ninapoletewa picha ya zamani iliyogeuka hivyo, naisoma pia kama habari ya mji: siku hiyo mabomba yalikuwa makavu.

Ufundi huu ulikuwa umefika pwani mapema sana. Ufaransa ilitangaza njia ya Daguerre ya kupiga picha hadharani mwezi wa Agosti 1839. Mwaka 1860, msafiri James Augustus Grant alipofika Unguja pamoja na msafiri mwenzake Speke, alikuwa na kamera. Baadaye kidogo wakafungua studio Mji Mkongwe mafundi wenye asili ya Goa, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho miongoni mwao. Walipiga picha za masultani, mabalozi na matajiri, na walipiga pia picha za kadi za posta, zilizouzwa kwa wasafiri wa meli na kusambaa Ulaya nzima.

Kadi hizo nimezishika mkononi, na kama fundi ninastaajabia kazi yake: kioo kizito, lenzi ya polepole, mtu ametulia tuli bila kutikisa ukope. Lakini soma maneno yaliyochapwa chini yake. Sultani ana jina. Balozi ana jina. Dada aliyevaa kanga kwa ustadi, aliyesukwa nywele kwa saa nyingi, ameandikwa “mwanamke wa Kiswahili”. Mwanamume aliyebeba mzigo ameandikwa “mchukuzi”. Wametajwa kama aina za watu, kana kwamba hakuna aliyezaliwa na mama akapewa jina siku ya saba. Mimi nikiwatazama naona mengine. Naona bega lililogeuzwa kwa makusudi, naona mkono uliowekwa kiunoni na mtu aliyekuwa akijua uzuri wa mkono wake. Hata hapo, mbele ya kamera ya biashara, mwenye sura alikuwa akifanya kazi.

Walinganishe na Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa, kisha akaishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Huko alikaa mbele ya kamera amevaa mavazi ya kwao, ya mabibi wa Unguja. Mji mzima wa Kijerumani nje ya mlango, naye ndani ya studio amejirudishia nyumbani kwa kitambaa na dhahabu. Jina lake tunalijua kwa sababu alikuwa binti wa mfalme na kwa sababu mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Alichofanya mbele ya lenzi, hata hivyo, ndicho walichofanya wateja wetu kila Idi: alichagua aonekane vipi.

Katika karne ya 20 kamera ilishuka kutoka majumba ya wakubwa hadi mitaani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, akapiga picha za kasri na za watu wa kawaida, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi hiyo baada ya Mapinduzi ya Zanzibar na kwa miaka mingi zaidi. Hapa kwetu Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio iliyokusanya mji wote: Waswahili, Waarabu, Wahindi, watu wa bara. Watu walitoka kwake wakiwa wanafanana na nyota wa filamu za Bombay walizotazama sinema wiki iliyotangulia, na mkao walikuwa wameuchagua wenyewe.

Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, ambaye kwangu ni miongoni mwa wasanii wakubwa wa pwani hii. Hakusomea popote. Kuanzia miaka ya 1960 alikata na kuunganisha picha kwa mkasi, gundi na chumba cha giza: uso wa mtu ukachipuka ndani ya ua, mtu akatokea mara mbili katika picha moja, sura ikazungukwa na moyo au nakshi. Wanaomweleza kwa kulinganisha na wasanii wa Paris wanamfikia kwa njia ndefu. Mlango wa Lamu umechongwa maua tangu zamani. Shairi la mapenzi la Kiswahili humwita mpenzi ua na lulu. Bakor alilichukua fumbo hilo akalitengeneza kwa karatasi na fedha. Mteja alilielewa papo hapo, kwa kuwa lilikuwa lake.

Na miaka ya 1990, hapa Mombasa kwenye feri ya Likoni, vijana waliokuja kutafuta kazi walisimamisha vibanda vya mbao, wakavipamba kwa ndege, meli, minara, maua ya plastiki na pwani iliyochorwa. Mfanyakazi aliyetoka bara alipiga picha hapo sikukuu, akaipeleka kwa mama yake kijijini. Wako waliosema picha zile ni za uongo, kwani mtu hakupanda ndege ile. Mimi nasema mama alijua vizuri kwamba ndege imechorwa. Alichosoma ni kwamba mwanawe yu hai, amevaa vizuri, na anaendelea kutamani makubwa.

Sasa nitoke pwani kidogo, kwa sababu kuna jambo lililotokea mbali ambalo kila fundi wa studio Afrika anapaswa kulijua. Mwaka 1991 palifanyika New York maonyesho ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20. Ndani yake zilitundikwa picha za studio za kupendeza mno, na mahali pa jina la mpiga picha paliandikwa kwamba hajulikani, wa Bamako, Mali. Fundi huyo alikuwa hai, yuko mjini kwake, anajulikana na kila mzee wa Bamako. Alikuwa Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948 na kupiga picha uani kwake kwa mwanga wa jua, mara nyingi pozi moja tu kwa kila mteja kwa sababu filamu ni ghali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake. Baada ya kutafutwa na kupatikana, mwaka 1994 picha zake zikapata maonyesho yake mwenyewe Paris. Mwenzake wa mji huohuo, Malick Sidibé, mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote, mpiga picha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kuipata heshima hiyo.

Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi kama aliyeshinda ndugu yangu. Fundi wa mtaani, aliyelipwa kwa kopi, amekaa safu moja na wachoraji wakubwa wa dunia. Furaha hiyo ninayo mpaka leo, na ndiyo inayonipa haki ya kuuliza swali linalofuata. Jina la Keïta limerudi mahali pake. Majina ya mabibi wale waliovaa gauni zenye maua juu ya shuka lenye maua, yako wapi? Wamekuzwa ukubwa wa ukuta, wananunuliwa kwa mnada, na wengi wao bado hawana jina. Tumemtoa mmoja gizani, tukamwacha mwenzake.

Kuna wakati teknolojia yenyewe ilimsahau aliyekaa. Rangi ilipoingia, kazi ya kusafisha ikahamia kwenye mashine za maabara, na mashine zile zilirekebishwa kwa kadi ya kiwanda yenye picha ya mwanamke Mzungu. Mafundi walimwita Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Wateja wetu wakatoka wekundu, au kijivu, au wakawa kivuli chenye meno na macho, hasa walipokaa karibu na mtu mweupe. Viwanda vilianza kuboresha filamu kuanzia miaka ya 1980, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikaja katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo tulijitetea wenyewe: tuliongeza mwanga upande wa shavu, tukatumia ubao mweupe kurudisha nuru, tukabishana na mtu wa maabara mpaka akubali kusafisha upya. Ubishi ule ulikuwa sehemu ya sanaa yetu. Tulikuwa tunatetea ngozi ya watu waliotuamini.

Uaminifu huo ulikuwa mzito zaidi kwa wanawake. Katika mji wetu mwanamke anayevaa buibui barabarani aliweza kuingia studio na dada zake, mlango ukafungwa, buibui likavuliwa, ikatoka hina, jasmini, dhahabu na gauni la arusi. Picha ile ilikuwa ya macho fulani tu. Studio zilikuwa na dirisha la mbele la kutundika picha nzuri za kuvutia wateja, na mwalimu wangu alikuwa na sharti lisilovunjwa: picha ya mwanamke haikai dirishani ila kwa ruhusa yake, na bi arusi hakai dirishani kabisa. Wengine walichukua kopi na negativi pia, wakazifunga katika leso, wakaondoka nazo. Tuliwapa bila swali.

Hilo ndilo ninalolifikiria kila ninapoona picha ya studio ya pwani ikiuzwa mtandaoni. Ukuta wa makumbusho ni dirisha kubwa kuliko letu, na sharti lake linapaswa kuwa lilelile.

Kisha ikaja kamera ya kidijitali, ikaja simu, serikali zikaanza kupiga zenyewe picha za vitambulisho, na picha za pasipoti zilizotupa mkate wa kila siku zikapungua. Studio zikafungwa moja baada ya nyingine. Simlaumu kijana anayejipiga kwa simu. Naye anachagua mkao wake kama baba yake alivyochagua miwani. Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13, na filamu iliyobaki baada ya wateja aliimaliza kwa kujipiga mwenyewe, amevaa alivyopenda, ili ampelekee bibi yake Nijeria. Leo picha hizo zimo katika makumbusho makubwa. Kinachoniuma ni negativi. Nimeona magunia yake yakipelekwa jaani. Nimeona negativi za vioo zikikwanguliwa ili kioo kitiwe kwenye fremu. Nyumba ya Fosso iliporwa mwaka 2014 wakati wa vita vya Bangui, negativi zikatapakaa njiani, na nyingi ziliokolewa kwa sababu waandishi wa habari waliopita waliijua thamani yake wakaziokota. Huku kwetu hakuna vita, ila kuna unyevu, mchwa, na warithi wasiojua walichorithi.

Kwa hiyo siku hizi kazi yangu kubwa ni kuokoa. Hewa ya pwani ikizidi unyevu wa asilimia 60 kuvu huanza kula jelatini, basi negativi nazitoa kwenye mifuko ya plastiki na kuzitia katika bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lenye dawa ya kunyonya unyevu. Zinazonuka siki nazitenga haraka, kwa maana filamu ya aina hiyo ikianza kuoza huambukiza jirani zake. Nazishika pembeni. Nazinakili kwa kompyuta. Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote: nachapa kopi ndogo, nazipeleka barazani kwa wazee, nazo zinapita mkono kwa mkono. Huyu ni fulani wa Kibokoni. Huyu aliolewa Malindi. Huyu ndiye aliyekuwa akishona kofia. Ninaandika kwa penseli juu ya bahasha, siyo juu ya picha. Familia ikisema picha hii isionyeshwe, naifunga na kuwarudishia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali.

Ninawaomba wenye studio na warithi wao wasitupe kitu kabla ya kukaa na mzee mmoja wa mtaa. Ninawaomba vijana waandike nyuma ya kila picha ya nyumbani jina, mahali na mwaka, leo, wakati wanaojua bado wapo. Na makumbusho yanayonunua kazi zetu ninayaambia kwa heshima: kibao mnachobandika kando ya picha kina nafasi ya kutaja saizi ya karatasi na aina ya dawa iliyotumika. Kina nafasi pia ya kuandika kwamba aliyepiga ni fulani, na aliyekaa ni fulani, binti wa fulani, wa mtaa fulani. Na pale jina lisipojulikana bado, gharama ya kwenda kuliuliza mtaani ihesabiwe ndani ya bei ya picha.